Mikono ya Kukodi

Walikuja Caldas kutafuta mikono.
Uso walikwisha upata: binti wa Lisboa,
shingo ndefu, macho yanayojua kulia kwa zamu.
Ila udongo haukumkubali. Ulimtoka vidoleni
kama uji, siku tatu mfululizo,
mpaka mtu akawaambia: yupo Graciete, nyuma ya soko la samaki,
anafinyanga bakuli za sura ya kabichi.

Nina miaka sitini na minne. Mikono yangu, walisema,
ina thelathini ukiipaka mafuta na kuimulika kwa ubavu.
Wakanivika mikono ya gauni, gauni lenyewe hapana.
Wakauliza alama ya pete. Nikasema haijawahi kuwapo.
Chanda chema huvikwa pete;
changu kilivikwa plasta, Januari hadi Januari,
kikapasuka, kikapona, kikapasuka.

Filamu inamhusu Ofélia, mchongaji wa zamani za taa za gesi,
aliyempenda bwana mwenye karakana.
Bwana alikuwa na mke, ndevu, na mhuri.
Ofélia akafinyanga bega: mhuri.
Akafinyanga mtoto aliyelala: mhuri.
Usiku bwana alimfungulia mlango wa nyuma,
asubuhi akawafungulia wanunuzi mlango wa mbele.
Kisa ni hicho tu. Wamekitia fidla.

Mwongozaji, Duarte, kijana wa skafu hata Julai:
"Bibi, ishike shingo ya sanamu
kama unayempenda mwenyewe."
Nikaishika ninavyojua.
"Zaidi," akasema.
Mwanangu, zaidi ya hapo shingo hukatika.

Sikumwambia habari za Adelino.
Angeinunua na hiyo.
Kiwanda chake bado kinauza sahani ya jani
lenye mjusi pembeni, mkia umejikunja kuzunguka ukingo.
Mjusi yule nilimfinyanga jikoni, nina miaka ishirini na miwili
na mimba ya miezi minne
ambayo haikufika wa tano.
Chini ya sahani kuna herufi mbili na taji.
Huwa naingia dukani, naigeuza, naitazama, naiacha.
Mara moja tu niliinunua.
Mfinyanzi hulia gaeni, wanasema;
mimi hata hilo gae nililipia, euro kumi na nne,
bei ya punguzo.

Siku ya kuvunja wakanipa nyundo.
Ofélia alitakiwa avunje kila kitu usiku mmoja.
Vichwa kumi na viwili vya plasta,
na kila kichwa kina pacha wake nyuma ya pazia
iwapo ningekosea.
Nikakishika cha kwanza, nikakigeuza, nikachungulia chini.
"Kata! Bibi, unatafuta nini?"
"Bei," nikasema. Wakacheka, hata mshika taa.
Kisha nikavunja.
Nilivunja vizuri; Duarte alipiga makofi.
Nikapita nyuma ya pazia nikavunja na mapacha.
Hiyo haimo kwenye filamu.

Usiku wa kwanza, ukumbi ulijaa makoti yenye mvua.
Mwanamke wa kando yangu alilia kila uso ulipotokea.
Mimi nilijitazama nikianzia kwenye kucha
na kuishia kifundoni, pale lesi inapoanza,
na baada ya lesi mtu mwingine, mzuri, akiteseka.
Jina langu lilipita chini kabisa,
kati ya mpishi na mwenye farasi.

Adelino alikuwapo, safu ya tatu, na mkongojo.
Alinisubiri mlangoni.
"Vile vichwa," akauliza, "kavifinyanga nani?"
Miaka arubaini na miwili, na swali lake ni hilo.
"Sijui," nikasema. "Nilitazama chini. Havikuandikwa."

Nikawahi basi la saa nne.
Sikuwa na ushindi wowote mfukoni, tikiti tu.
Nyumbani kulikuwa na kabichi kumi na saba
chini ya kitambaa kibichi,
majani hayajapindwa bado,
na udongo, ulie usilie,
huwahiwa ungali maji.