Upande A

Kabla haujawa wimbo ulikuwa msumeno.
Sao Hill, ukungu bado umeilalia mipaina,
kiwanda kiliwapokonya jogoo kazi yao,
nasi wa kota tukanywa chai ndani ya mlio ule,
chai ya rangi, sukari ikiwapo.

Baba yake Obadia Tweve aliacha vidole viwili pale.
Mkono wa kushoto. Hakuna aliyemuuliza zaidi ya hapo.
Alihamishiwa stoo, akawa anahesabu misumari.

Spika ilichanika tukiishusha kwenye lori la mbao.
Obadia aliipaka gundi ya seremala, ikakataa kushika.
Akagusa uzi mnene, mara moja tu,
na chumba kikanguruma
hadi vikombe vya mama mwenye nyumba vikasogea kabatini.
Tukatazamana.
Syabumi, fimbo za ngoma mkononi, akasema:
Usiitengeneze.

Treni tuliipandia Makambako,
besi yangu nimeivika blanketi kama mgonjwa.
Dar, fundi mitambo alisimamisha kanda mara tatu:
Vijana, chombo chenu kibovu.
Mara ya nne alichoka, akatoka kwenda kuvuta sigara.
Hiyo ya nne ndiyo mliyoisikia,
kama mliisikia.

Ilibaki nafasi upande wa pili.
Kwa nusu saa tuliyokuwa tumeilipia
tukatunga kitu cha taratibu, "Barua ya Sekela".
Sekela mwenyewe hakuwapo. Jina lilienea tu vizuri kwenye mdundo.

Santuri mia tatu. Kumi na moja zilifika zimepinda.
Duka la Miyomboni, Iringa, lilirudisha tano:
zimekwaruzwa, waliandika, wateja wanalalamika.
Redioni ilipigwa sekunde arobaini,
kisha mtangazaji, kwa sauti ya asali:
Mtuwie radhi, mitambo yetu imepata hitilafu.
Mchungaji wa Kinyanambo alituhubiri Jumapili mbili.
Ya pili aliigiza mlio wetu kwa mdomo, waumini wauogope,
akaupatia hasa,
na watoto wakatoka nao kanisani hadi mtoni.

Walichopenda ni Sekela.
Harusi za Njombe, za Ilembula, Sekela.
Nilimwona bibi mmoja akifuta machozi kwa kitenge
kwa ajili ya msichana tuliyemtunga kwa nusu saa,
na sindano haikugeuziwa upande wa pili hata siku moja.
Nilipokea pongezi. Nilikula pilau. Sikusema kitu.

Ila zamu ya usiku ya kiwandani walichanga,
wakanunua moja,
wakaipiga kantini kwenye gramafoni ya kuazima,
betri mwaka ule adimu kuliko nyama.
Hawakucheza. Hawakutikisa kichwa.
Walikaa kama watu wanaosikia majina yao yakisomwa.
Ilipoisha mmoja akasema, Rudia,
na hilo ndilo sifa pekee niliyoihifadhi.

Baba Tweve aliisikia mwisho, kwake, mvua ikipiga bati.
Obadia alisimama mlangoni, nusu ndani.
Mzee alisikiliza hadi sindano ikaanza kukwangua karatasi ya katikati.
Akasema:
Fundo umelisahau.

Lipi?

Mbao ikiwa na fundo, msumeno haulii hivyo.
Hushuka kwanza. Hunung'unika.
Unadhani umenyamaza, unasogeza mkono.
Halafu ndipo unapanda.
Akautoa mlio kooni, pole pole,
vidole vitatu vikiufuata juu ya meza,
na pale uliposhuka
vikasimama.

Hatukuwahi kuwa na fedha za kurekodi tena.
Sahani ile bado haina fundo, naijua sekunde ya kosa lake.
Lakini usiku ule Obadia alichukua gitaa,
akalegeza uzi mnene, akaupiga.

Hivi?

Chini zaidi.