Namba Iko Kwenye Chuma

Alikuja na barua ya polisi mkononi
na askari nyuma yake, kijana wa kupiga miayo.
Wakailaza kwenye meza yangu ya randa, hapa Bondeni,
bunduki isiyo na risasi wala komeo,
imeviringishwa shuka la hospitali.

"Kitako kimepasuka," Chemeli akasema.
Ufa ulitoka shingoni ukaingia shavuni,
na juu yake waya wa shaba aliouzungusha baba yake
mwaka ule pikipiki ilipowamwaga njia ya Elburgon.
Mjozi wa ng'ambo. Mweusi
pale lilipolala shavu la mtu mmoja miaka thelathini,
jasho na mafuta ya nywele yamezama
kuliko rangi yoyote niijuayo.

Mimi ni fundi wa vitanda. Makabati.
Siku mbaya, majeneza. Nikamwambia.
"Ndiyo maana nimekuja," akasema.
"Wa Nairobi alitaka kunipima kwa kitabu."

Basi nikampima kwa mwili.
Kunja kiwiko, nikasema, nyoosha kidole cha kufyatulia.
Mfupi wa baba yake kwa vidole viwili,
tena mashoto.
Vikombe vyote vile vya shabaha alivyoleta kutoka Lanet
alivishinda amelalia shavu la mtu mwingine.

Nilikuwa na kipande cha mtamaiyo,
kimekaa darini juu ya meko ya shemeji yangu Njoro
kikila moshi miaka saba.
Mti ule huuma msumeno kabla haujaumwa.
Usiku wa kwanza nilivunja patasi,
nikatukana, nikaomba radhi,
kwa nani, sijui.

Halafu kazi isiyotaka haraka.
Unapaka masizi ya koroboi tumboni mwa chuma,
unakilaza mtini, unakiinua.
Palipoingia weusi ndipo palipozidi.
Unakwangua, unene wa ganda la kitunguu.
Unapaka tena. Unalaza. Unainua.
Askari alisinzia, akaamka, akauliza
ninatia au ninatoa.
Ninatoa. Kazi yote ni kutoa,
mpaka chuma kikae kitako ndani ya kitako,
kisitikisike, kisibanwe,
kama mgeni aliyeacha kutazama mlango.

Kila jioni alirudisha chuma kituoni
kwa sababu namba iko kwenye chuma.
Miti aliniachia, wa zamani na mpya,
ikalala benchi moja gizani.
Serikali haina habari na miti.

Siku ya tano nikasugua mafuta ya kitani kwa kiganja.
Njano ikatoka, kahawia ikatoka,
na mshipa mmoja mweusi, umepinda
kama njia ya mbuzi kupanda Menengai.

Chemeli akaitia begani. La kushoto.
Akafumba macho, akainua, akafumbua:
jicho, kilengeo, na duara nililochora ukutani kwa chaki,
kimoja nyuma ya kingine,
bila kuinamisha shingo, bila kutafuta.
Hakusema asante. Alikaa hivyo
hadi mkono ukaanza kumtetemeka.
Kisha, akitazama pembeni:
"Kile kingine, umekitupa?"

Nilikuwa nimekifunga gazeti.
Akakifungua, akakigeuza, akaweka kidole
kwenye ule weusi, akauzunguka.
"Kata hapa," akasema. "Na hapa."
Msumeno ukapita kwenye mjozi kama kwenye mkate.
Kipande cha ukubwa wa kiganja
akakitia mkobani, kati ya miwani
na risiti za maziwa.
Waya wa shaba ulibaki sakafuni.
Hakuuokota.

Askari akafungua daftari,
akainama, akasoma namba kwenye chuma, tarakimu moja moja,
akaandika tarehe,
akaandika: Imetoka kama ilivyoingia.
Akanipa kalamu.
Nikatia sahihi.