Mita Mia Tatu

Wiki moja, alisema Akberali, akilifungua kasha
kama daktari afunguaye kinywa cha mtoto.
Ivae. Ukiridhika ulipe, usiporidhika uirudishe bila mkwaruzo.
Inashuka mita mia tatu, akaongeza. Nikacheka:
mimi karani wa stakabadhi Kilindini, mwaka wa ishirini na mbili,
maji yamenizunguka pande zote za kisiwa
na kuogelea sijui.

Nzito. Mkono wa kushoto umekuwa mgeni mwenye cheo.
Imenasa kwenye kanzu mara tatu,
ya nne nikaiacha kanzu ishindwe.
Imegonga kitasa cha mlango.
Kitasa ndicho kilichoumia.

Mwembe Tayari niliigeuza, uso ukatazama mshipa,
nikapita kama niliyebeba yai kwapani.
Kadzo wa kaunta ya pili akauliza bei.
Nikataja theluthi.
Akashika kichwa.

Inakimbia sekunde nne kwa siku; nimeilinganisha na redio.
Misikiti mitatu ya mtaani kwetu haijawahi kuafikiana hata kwa dakika mbili
na swala haijampita mtu.
Juu imeandikwa kumi na mbili, nami nasoma sita,
kama alivyonifunza baba: tazama ng'ambo.
Fundi aliyeiunda huko baridini hajui
kwamba nusu ya kazi ya saa yake naifanya mimi.

Jumatano maji yalikatika. Nikapanda darini,
nikazamisha mkono tangini hadi kiwiko, kulikwamua boya.
Hicho ndicho kina chake kirefu kwangu:
shubiri mbili, na viluwiluwi.
Haikulalamika.

Ina pete usoni, huzunguka upande mmoja tu.
Mzamiaji huitega kabla hajashuka.
Ikiguswa kwa bahati mbaya humwambia muda umeyoyoma,
haimwambii kamwe kwamba umebaki tele.
Ikikosea, hukosea upande wa kumrudisha nyumbani.
Hilo nililipenda, ingawa
nimepimia wali tu, na foleni ya feri Likoni:
dakika hamsini na tatu.

Alhamisi usiku umeme ukaenda, feni ikafa, joto likaketi nasi.
Dawa ya mama ni kila baada ya saa nne.
Nikaitega pete, nikajilaza sakafuni kando ya kitanda.
Mama haoni ila vivuli tangu mwaka juzi.
Gizani akanishika kifundo:
Hicho kijani ni nini?
Saa, mama.
Saa ngapi?
Soma mwenyewe.
Akanivuta mkono hadi puani pake, akakaa kimya sana,
nikasikia pumzi zake zikigonga kioo.
Saa nane kasoro kidogo, akasema.
Ilikuwa nane kasorobo.

Kila aingiaye chumba kile huulizwa wakati,
kabla ya salamu, baada ya salamu, katikati ya habari za watu.
Usiku ule hakuniuliza tena.
Mkono niliuacha juu ya mto wake
ukafa ganzi hadi alfajiri.

Jumamosi Akberali akaichungulia kwa lenzi.
Mkwaruzo huu?
Kitasa.
Akaipangusa kwa ncha ya shati. Umezama nayo?
Nimezama.
Mita ngapi?
Nikatazama barabarani, pikipiki zikipita.
Punguza elfu kumi, nikamwambia,
halafu tuzungumze.