Punje

Mama aliiita punje.
"Punje inakonyeza," angesema,
nasi tulijua tusiegemee meza, tusirukeruke sakafuni,
kwa maana ndani ya lile sanduku la rangi ya maziwa yaliyolala
sindano ilikuwa ikipita juu ya sahani bila kuigusa,
na majina ya wafumaji mia mbili na kumi na wawili
yakiandikwa gizani.

Gabrovo, majira ya baridi ya tisini na tatu,
ofisi ya mishahara, kiwanda cha sufu kando ya mto Yantra.
Fundi Penyo alifika kwa basi kutoka Sevlievo,
bisibisi zake kazifunga ndani ya soksi.
Alivuta kiti, akamfundisha mama kusoma taa
kama mtu anavyofundishwa kusoma uso wa mkwe:

"Ikikonyeza mbiombio, yuko mezani, anakula.
Usimkatishe mtu tonge likiwa kinywani.
Ikikonyeza mara mojamoja, anajikuna tu, mwache.
Ikizimika na kubaki imezimika, kashiba.
Hapo ndipo uzime swichi."

"Na ikiwaka isizimike?"

Penyo aliitazama theluji dirishani.
"Hesabu mpaka mia.
Halafu hesabu tena.
Halafu nipigie simu."

Mama aliyaandika yote kwa penseli, nyuma ya kalenda.

Masika Penyo alirudi kusafisha.
Sufu huingia kila mahali; kwenye feni alitoa bonge
kubwa kama panya, la kijivu, na masikio karibu.
Akafunika, akawasha. Mashine ikavuma.
Punje haikuwaka.

"Umemuua," mama alisema, midomo imemkauka.

Penyo alilaza sikio juu ya bati.
Tk. Tk-tk. Krrr.
Akafungua tena, akakishika kijiplagi cha pini mbili,
chembamba kuliko kiberiti,
akakichomoa, akakigeuza, akakichomeka.
Nyekundu.
"Hakufa mtu. Alivishwa kiatu cha kushoto mguu wa kulia."

Mama alicheka hadi akakaa chini.
Kisha akaongeza mstari kwenye kalenda, peke yake, bila kufundishwa:
*Taa si diski. Taa ni habari za diski tu.*

Novemba ya tisini na sita walimletea orodha ya kuchapa.
Waliokuwa wanaachishwa: kwanza chumba cha kusokota, kisha cha rangi,
kisha ofisi.
Aliandika jina lake mwenyewe, Zdravka Koleva,
kwa herufi zilezile, bila kosa,
akabonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Punje ikawaka. Haikukonyeza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimeketi juu ya boksi la karatasi.
Tulihesabu pamoja, yeye kwa midomo, mimi kwa vidole.
Mia.
Tulihesabu tena.
Simu ilikuwa pale, karibu na kiwiko chake.
Hakuigusa.
Mpaka leo sijui alikuwa anaomba lipi.

Kwenye themanini na tatu ya mara ya pili
ilikonyeza mara moja, ikakonyeza tena, ikazimika.
Kashiba.
Mama alizima swichi, akavaa koti.

Kompyuta yangu ya sasa ni nyembamba kama kigae.
Haina taa, haina mvumo. Ikiganda,
sijui inakula au imelala au imekufa tangu asubuhi.
Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu;
hiki hakina hata mshindo.

Punje ninayo, ndani ya kopo la vifungo vya mama,
waya zake mbili zimekatwa fupi.
Jana usiku nilichukua betri ya saa, ile ya duara,
nikaibana katikati.
Giza.
Nikaigeuza.

Ikawaka, nyekundu, bila kukonyeza,
kwa kuwa upande wa pili hakuna anayeandika.
Hilo nalijua.
Nilihesabu hata hivyo.