Kuwamba Kitanda

Feni ilikata roho usiku wa tatu.
Februari, Langoni, na ukuta wa chokaa
unalipa joto lote ulilokopa mchana.
Godoro langu la sponji, lenye risiti na dhamana,
lilinishika mgongo kama chapati kikaangoni.

Ndipo nikakumbuka stoo.
Nyuma ya makopo makavu ya rangi:
mifumbati miwili, matendegu manne,
kitanda cha shangazi Barke,
kilichovuliwa kamba tangu alipotutoka,
kimeegemea ukuta
kama mtu aliyeambiwa ngoja hapa
na aliyemwambia akasahau.

Nikakipiga msasa. Nikakipaka mafuta ya nazi.
Tendegu moja lilikuwa limeonjwa na mchwa;
nikalibeba kwapani hadi kwa Fundi Lali.
Akaligonga kwa ukucha, akategea sikio kama tabibu:
"Moyo mzima. Kilicholiwa ni ngozi."
Shilingi mia tatu, na soga za bure.

Kamba nikaagiza Matondoni,
usumba, pima sitini.
Ikaletwa juu ya punda, imeviringwa kama kilemba,
inanuka kumbi zilizofukiwa matopeni miezi na miezi,
harufu inayokaa kwenye kucha
hata ukisugua kwa ndimu.

Vyote nikavipandisha paani,
vidato thelathini na kimoja.
Fito nne za mkoko, makuti kumi na mawili:
kivuli cha kutosha usingizi mmoja.

Kisha kazi yenyewe.
Lowesha. Funga mchagoni.
Mbili juu, mbili chini,
vuta, kaza kwa goti, meza mate,
mbili juu, mbili chini.
Mstari wa saba nilikosea hesabu,
nikagundua nimefika wa kumi na nne.
Nani atajua? nikajiuliza.
Mgongo, nikajijibu.
Nikafumua.

Siku mbili. Viganja vikawa vyekundu kama vilivyopakwa hina
na mtu mwenye haraka.

Usiku ule nililala juu ya matundu
na upepo ukapita chini yangu.
Kumbe mgongo nao una pua!
Nikavuta pumzi kwa uti wote,
nikasahau feni, nikasahau fundi wa stima
aliyeapa kuja Jumanne, asitaje ya mwezi gani.

Lakini kamba ikaanza kulegea,
kidogo, kidogo, kama ahadi yake.
Kulipokucha makalio yalikuwa sakafuni,
miguu hewani, kaa aliyepinduliwa.

Na Bi Khuleita, paa la pili, akianika nguo,
alikuwa ameona yote.
Alicheka hadi vibanio vikamponyoka kinywani.
"Kamba hulala kwanda, ndipo mtu alale!
Kiko wapi kijiti?"
"Kijiti gani?"
"Cha Barke. Cha mpingo. Kama kidole gumba."

Nikasimama palepale na usumba umejichora shavuni.
Kijiti hicho nakijua.
Mwaka wa tisa huu
kinafunga mlango wa banda la kuku.

Nikashuka, nikakichomoa, nikapanda.
Nikakipenyeza kati ya kamba mbili, nikapinda,
kitanda kikaguna, kikajinyoosha.
Upande mmoja wa kijiti pana kibonyeo kidogo, laini;
gumba langu likaingia
pasipo kuulizwa jina.

Nilikaza mstari kwa mstari hadi jua likachoma shingo.
Sikusikia nyuma yangu
kuku wakipanda vidato vyote thelathini na kimoja.
Yule mwekundu, mwenye kiburi,
alikagua mchago, akajaribu kamba,
mguu huu, mguu ule,
akajikunja katikati ya kivuli, akafumba macho.

Nimemwacha.
Banda bado liko wazi.
Bi Khuleita anauliza kila asubuhi
nani amelipia kitanda.