Mtafuta Wagonjwa

Wietske Hoekema hutembea ameinama,
jua mgongoni, kivuli chake kikilala tutani
ili rangi zisimdanganye.
Kila Aprili, mwaka wa thelathini na moja sasa,
anasoma majani ya tulipu, moja moja,
katika shamba lililokuwa sakafu ya bahari
babu yake alipokuwa mvulana.

Mimi ni mwanagenzi, wiki ya pili.
Nimenaswa na ua jekundu
lenye ndimi nyeupe zinazopanda
kama maziwa yanayotaka kufurika sufuriani.
Hili tuliache, nikasema.
Akacheka kwa pua.

Kidukari alidonoa mara moja tu, akaenda zake.
Kirusi kikabaki ndani ya seli moja:
uzi wa maneno usio na mdomo.
Mwenyeji akausoma, akaunakili,
akaunakili tena, hadi nyuzi zikawa elfu.

Kisha ukuta.
Ukuta wa seli ni mgumu, lakini una vitundu
ambavyo majirani waliachiana tangu kuzaliwa,
vya kupitishiana sukari na habari.
Kirusi hakipigi hodi, wala hakibomoi.
Kinatuma protini iliyofinyangwa humo humo jikoni,
isimame kizingitini,
ikilegeze kitundu taratibu,
kama sabuni kwenye pete inayobana,
na uzi unapita.
Saa mbili, tatu. Seli ya pili.
Hakuna aliyepiga yowe.
Hadi kwenye mshipa wa utomvu, na huko ni mtoni:
siku chache tu kimefika kwenye tunguu,
kimejilaza kungoja mwakani.

Nikatazama magharibi,
lile boma la udongo linalozuia maji.
"Na vitundu vyote vikizibwa?"
"Mmea hujaribu," alisema. "Ukiziba vyote, unakufa njaa.
Mlango ni uleule."

Akaling'oa, tunguu na yote,
na majirani wawili, wa kulia na wa kushoto,
wazima kabisa machoni pangu.
Nilitaka kuuliza kosa lao.

Jioni, akijisugua mikono hadi viwikoni,
alisema bila kunigeukia
kwamba akiwa na miaka kumi na sita
aliacha moja kama lile
kwa ajili ya harusi ya dada yake, Jeltje.
Mwaka uliofuata walichoma safu kumi na nne.

Picha ya harusi bado iko pale, juu ya friji.
Ua limependeza kweli.