Safu ya Faida

Bi. Ravnkilde wa ofisi ya kodi, Viborg,
umeuliza katika barua yako ya tarehe tisa
kulikoni safu ya faida kwenye hesabu za klabu yetu
iwe tupu mwaka wa kumi na moja mfululizo.

Naitwa Preben Lykkegaard, mhazini.
Sirushi ndege. Hata ngazi ya dari hunitia kizunguzungu.
Tuko wanachama thelathini na mmoja, uwanja wa nyasi,
banda moja la mabati,
choo kimoja kinachoganda Januari.

Ndege hii tuliikuta ghalani kwa mjane mmoja karibu na Thisted,
tukainunua kwa bei ya trela kuukuu.
Marobota ya nyasi kavu yalikuwa yameifunika hadi mkiani,
panya wamezalia kwenye kiti cha rubani,
bawa la kushoto limeoza kama jino.
Zamani ilibeba wagonjwa kutoka visiwani, alisema mjane.
Mlango ule mpana ubavuni
ulikuwa wa machela.

Matumizi, basi.
Kitambaa cha kitani, mita arobaini na tano.
Gundi. Misumari ya shaba, midogo kama ufuta.
Propela, iliyofika imepasuka, ikarudishwa, ikafika tena.
Kahawa, ambayo sitaitetea.

Usipoona mshahara, haukuwepo.
Aksel, fundi wa matrekta, alilala chali chini ya injini
vipupwe vitatu.
Mkewe alichoka kumngoja na chakula kinapoa:
akaja na mto wa kumwekea kichwani,
mara ya pili akaja na spana yake mwenyewe.

Na bawa alilishona Gudrun Østerby,
aliyeshona magodoro maisha yake yote.
Bawa husimamishwa wima kama ukuta,
mtu huku, mtu kule,
sindano ndefu inapenya, ng'ambo inapokewa,
inarudishwa kando ya ubavu uleule.
Wanaoshona hawaonani.
Mimi ndiye niliyekuwa ng'ambo.
Mishono elfu moja mia nne na kitu, Bi. Ravnkilde,
na kwenye mshono wa mia mbili hivi
nikajisikia nikisema habari za mwanangu
ambaye haandiki.
Gudrun hakujibu. Sindano ikaja.
Nikairudisha.

Ndani ya bawa la zamani, juu ya ubao,
mtu alikuwa ameandika kwa penseli:
*Baridi kali leo.*
Tuliuhifadhi ubao huo. Chini yake Aksel akaongeza:
*Bado.*

Mwezi Mei, Signe, mwoka mikate, miaka kumi na tisa,
alikuja na unga kwenye nyusi, akajifunga mkanda.
Ndege huyu (niwie radhi, ndege hii)
ilikimbia nyasini, ikadunda mara mbili
kama aliyesahau neno na anajaribu kulikumbuka,
kisha magurudumu yakawa hayana kazi.
Hakuna aliyepiga makofi.
Aksel alitazama viatu vyake.
Gudrun alikuwa akihesabu, midomo ikicheza,
na nikajua anahesabu mishono.

Nakiri pia jambo lisilo kwenye daftari.
Agosti nilipanda. Dakika kumi na mbili.
Nilifumba macho hadi juu ya maji ya fjodi,
nikayafumbua kwa sababu ya harufu:
gundi, kitani, mafuta, na kwa mbali
nyasi kavu, ambazo hatukuweza kamwe kuziondoa.
Bawa lilikuwa palepale karibu na sikio langu,
limetuna kwa upepo,
na upande wangu wa mishono
ulikuwa umeshika.
Nililipia petroli. Risiti nimeambatisha.

Safu nimeiacha tena tupu.
Si uzembe. Nimeshindwa kujua
kitu hicho kinaandikwa kwa kipimo gani.

Ukiwa na swali zaidi, piga simu, ila si Jumamosi:
Jumamosi tunakata nyasi, na mashine hainiachii sikio.
Au njoo. Ndege huyu ana kiti cha pili,
na mlango wake ni mpana.

Nami nina swali moja kwako: una kilo ngapi?
Siulizi kwa utovu wa adabu.
Kuna safu yake.